Kuingiza data nyingi kwenye PostgreSQL: seva mpya au mipangilio?

Swali
Habari zenu. Ninahamisha rekodi za mauzo zipatazo milioni 40 kutoka mafaili ya CSV kwenda kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na programu yangu hutuma amri ya INSERT (ya kuongeza mstari) kwa kila mstari. Kadiri jedwali linavyokua ndivyo kazi inavyozidi kuzorota, ingawa prosesa haionekani kulemewa. Jedwali lina faharasa sita (orodha za kuharakisha utafutaji). Je, ninunue seva yenye kumbukumbu kubwa zaidi?

Jibu la kwanza
Ndugu, usinunue chochote kwanza. Usipofungua muamala mwenyewe, kila INSERT huwa muamala (kazi inayothibitishwa yote kwa pamoja) unaojitegemea, na kwa mipangilio ya kawaida PostgreSQL haithibitishi muamala mpaka logi yake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, iwe imefika diskini, ndiyo maana prosesa inakaa ikisubiri. Tumia amri ya COPY, inayopokea faili zima kwa mkupuo mmoja. Faharasa nazo ziondoe kabla ya kuingiza, uzijenge upya data ikishaingia. Zikishakuwa kubwa kuliko kumbukumbu, kila mstari mpya hulazimisha kurasa zilizotawanyika zisomwe na kuandikwa diskini, na ninaamini huko ndiko kuzorota kwako kunakotoka.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu. Ongeza pia mpangilio wa maintenance_work_mem, yaani kumbukumbu ya kazi kama hizo, ambayo kwa kawaida ni MB 64 tu, ili ujenzi wa faharasa uende haraka, na max_wal_size, yaani ukubwa wa logi, inayoanzia GB 1, ili seva isilazimike kila mara kumwaga kurasa diskini. Wako watakaokushauri kuzima fsync, mpangilio unaohakikisha data imefika diskini kweli. Tafadhali usifanye hivyo kwenye seva yenye data nyingine, kwa sababu umeme ukikatika hifadhidata nzima inaweza kuharibika. Kuzima synchronous_commit, yaani kule kusubiri logi ifike diskini, ni afadhali, kwani seva ikianguka utapoteza miamala ya mwisho tu.

Muulizaji
Nawashukuru. Tatizo ni kwamba watumiaji husoma jedwali hilo mchana kutwa, hivyo siwezi kuondoa faharasa.

Jibu la pili
Basi ingiza data kwenye jedwali la pembeni, ujenge faharasa humo na kukagua idadi ya mistari. Ikiwa jedwali kuu limegawanywa kwa miezi, liunganishe hilo jipya kwa ATTACH PARTITION, baada ya kuliwekea sharti la CHECK (kanuni ya data inayoruhusiwa) linalolingana na mwezi wake, ili seva isilazimike kulipitia lote. Kisha endesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu za jedwali, la sivyo maswali ya watumiaji yanaweza kupangwa kwa takwimu zilizopitwa na wakati.