Majibu ya Mama: RBC juu, HB chini

Salma: Shikamooni. Majibu ya picha kamili ya damu ya Mama yametoka. RBC 5.6 ina alama ya H (juu), HB 11.6 ina L (chini), MCV 66 ina L, RDW 14.2 haina alama. Inakuwaje seli nyekundu ziwe nyingi halafu damu iwe pungufu?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Yote mawili ni kweli. RBC ni idadi tu: seli milioni 5.6 kwenye mikrolita moja ya damu. HB ni kiasi cha hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli hizo, gramu 11.6 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tunasema ana upungufu wa damu. MCV ni ukubwa wa seli moja kwa wastani, kawaida 80 hadi 100. Seli za wifi ni nyingi lakini ndogo, kila moja imebeba hemoglobini kidogo.

Salma: Basi nimnunulie vidonge vya madini ya chuma?

Shangazi Rukia: Hapana, usimpe bado!

Baba Mdogo Idi: Salma, gawanya MCV kwa RBC. 66 ÷ 5.6 = 11.8. Ikiwa chini ya 13, tunaanza kushuku talasemia ndogo, hali ya kurithi ambapo mwili hutengeneza hemoglobini pungufu. Ikizidi 13, tunashuku chuma kimepungua. Uboho ukikosa chuma, hata idadi ya seli hushuka. Mtu mwenye MCV 70 na RBC 3.9 anapata karibu 18. Tena RDW yake, yaani kipimo cha seli zinavyotofautiana ukubwa, mara nyingi hupanda, kwa sababu seli kubwa za zamani zimechanganyika na ndogo mpya. Ya shemeji haijapanda.

Shangazi Rukia: Na hesabu hiyo ni dokezo tu, Idi. Mtu akiwa na matatizo yote mawili kwa pamoja inapotosha. Apime ferritini kwanza, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Ikiwa chini ya 15, akiba ya chuma imekwisha. Ila asipime akiwa na homa au maambukizi, maana ferritini hupanda na kuficha upungufu.

Salma: Haiwezi kuwa maabara wamekosea? Siku ile hakunywa maji ya kutosha.

Shangazi Rukia: Kukosa maji hupandisha RBC na HB kwa pamoja. Hakuwezi kupandisha moja na kushusha nyingine, wala hakupunguzi ukubwa wa seli kiasi hicho. Makosa ya uchukuaji yapo: kamba ya mkononi ikikaa zaidi ya dakika moja damu inakuwa nzito, ikichotwa kwenye mkono wenye dripu inachanganyika na maji, RBC na HB zote zinashuka. Kuna na damu inayogandamana kwa baridi, RBC inasoma chini kwa uongo na MCHC, yaani ukolezi wa hemoglobini ndani ya seli, inavuka 36. Hapo chupa hupashwa hadi nyuzi 37 na kupimwa upya. Ya wifi haifanani na lolote kati ya hayo.

Mama Tatu: Na mjamzito mwenye RBC 3.7?

Baba Mdogo Idi: Maji ya damu huongezeka kuliko seli, kwa hiyo RBC kushuka kidogo ni kawaida. Angalia HB: isiwe chini ya 11, au 10.5 katika miezi mitatu ya kati.

Salma: Baada ya ferritini?

Baba Mdogo Idi: Kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini. HbA2, mojawapo ya aina hizo, ikizidi asilimia 3.5, inaashiria talasemia ndogo ya beta. Chuma kikiwa pungufu kitibiwe kwanza, kwani huishusha HbA2 na majibu yakaonekana safi. Talasemia ya alfa mara nyingi haionekani kwenye kipimo hicho, inahitaji cha vinasaba. Una karatasi yake ya zamani?

Salma: Ipo ya 2016. RBC 5.5, MCV 67.

Shangazi Rukia: Miaka yote hiyo namba zile zile! Hiyo inaelekea kuwa ya kuzaliwa nayo.

Baba Mdogo Idi: Ampelekee daktari karatasi zote mbili. Ikithibitika, nawe na ndugu zako mpime, na wachumba wenu pia. Wazazi wote wawili wakiwa na talasemia ndogo ya beta, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kupata ile kali, ya kuongezewa damu maisha yake yote.

Salma: Ferritini anapima kesho asubuhi. Vidonge sinunui.