Utafiti wa watoto wanaojifunza Kiswahili: niupeleke mkutano wa isimu kompyuta au wa ujifunzaji wa lugha?

Mnukuzi wa Tanga

Habari zenu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika isimu. Kwa miezi kumi na mmoja nimekuwa nikiwarekodi watoto wawili wa Tanga mjini wanaolelewa kwa Kiswahili. Mmoja ni wa kike, ambaye nilipoanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na mwingine ni wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Nimekwisha kunukuu saa 26 za mazungumzo yao na mama, bibi na ndugu zao. Kwa msaada wa mwenzangu anayesoma sayansi ya kompyuta, nimetumia manukuu ya usemi wa watu wazima kuunda modeli ndogo ya kompyuta ambayo haielezwi mipaka ya mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye maana, bali inatakiwa igundue yenyewe kwamba katika neno kama *anapika* kuna *a-*, *-na-*, *-pik-* na *-a*.

Msimamizi wangu anasisitiza nipeleke ikisiri kwenye mkutano wa Chuo Kikuu cha Boston kuhusu ukuaji wa lugha, yaani BUCLD. Mwenzangu wa kompyuta anasema huko modeli yetu haitaeleweka, na kwamba tuandike makala kamili kwa ajili ya mikutano ya ACL, chama cha kimataifa cha isimu kompyuta. Fedha nilizoahidiwa zinatosha safari moja tu, tena kwa kubana. Ningependa kujua mikutano hii inatofautiana wapi hasa, na mtu mwenye data kama yangu aanzie wapi.

Jambo la pili ni la ndani ya utafiti wenyewe. Modeli yetu hulishika *na-* la *nakuja* na *nataka* kama kiambishi kimoja kisichogawanyika, ilhali katika *anakuja* inamtenga mtenda na njeo (alama ya wakati) bila ya shida. Mwenzangu anaona hilo ni kosa la modeli la kusahihishwa kabla hatujapeleka popote. Mimi sina hakika kwamba ni kosa.

Ngeli ya Tisa

Ndugu Mnukuzi, hongera kwa kazi hiyo. Saa 26 zilizonukuliwa kwa mkono si jambo dogo, na ye yote aliyewahi kunukuu usemi wa mtoto wa miaka miwili anajua kwamba dakika tano za ukanda huweza kula asubuhi nzima.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo litakaloamua la kwanza. Mama wa Tanga, kama mama wa Mombasa au wa Morogoro, hamwambii mwanawe *ninakuja*, humwambia *nakuja*. Kwa hiyo mtoto hajapewa ushahidi kwamba nafsi ya kwanza ina vipande viwili mahali hapo, na modeli iliyolishwa usemi uleule imefanya jambo la busara. Ninachokuomba ukichunguze leo hii ni unukuzi wenyewe: je, mahali ambapo mama alisema *nakuja* wewe uliandika *nakuja*, kila mara, au mkono ulizoea shule ukaandika *ninakuja*? Ikiwa ulichanganya, matokeo yako yanapima tahajia yako na si masikio ya mtoto. Ikiwa hukuchanganya, una swali zuri sana mkononi, nalo ni hili: mtoto mwenyewe huonyesha lini kwamba ameitambua *ni-* kuwa kiambishi kinachojitegemea? Tazama anapoanza kusema *nitalala*, *nilianguka*, *nimeshiba*, ukalinganishe na anapoanza kutenga *a-* na *u-*.

Swali hilo si geni kabisa. Kamil Ud Deen aliandika tasnifu yake ya mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuhusu watoto wanaojifunza Kiswahili cha Nairobi, na manukuu ya watoto wake wanne yamo katika CHILDES, hazina ya kimataifa ya manukuu ya usemi wa watoto. Aliona kwamba watoto huacha mara kiambishi cha nafsi, mara cha njeo, mara vyote viwili, huku irabu ya mwisho ya kitenzi ikiwa mahali pake. Na aliona pia kwamba watu wazima wa Nairobi wenyewe huacha kiambishi cha nafsi katika mazingira fulani. Wewe una Tanga, ambako usemi wa watu wazima si ule wa Nairobi. Ulinganisho huo peke yake unatosha ikisiri.

Sasa mikutano. BUCLD ilianza mwaka 1976, huendeshwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa chuo hicho, na hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa Novemba. Ukumbi mzima umejaa watu ambao swali lao la kwanza ni kuhusu mtoto: anajua nini, amekijua lini, na tunajuaje kwamba anakijua. Ukiwaambia kwamba modeli yako imefikia usahihi wa kiasi gani, watakusikiliza kwa adabu kisha watauliza mtoto wa kike alifanya nini mwezi uleule. Upo pia mkutano wa chama cha kimataifa cha utafiti wa lugha ya watoto, IASCL, kilichoanzishwa mwaka 1970. Huo hufanyika kila baada ya miaka mitatu, ulikuwa Prague mwaka 2024, na kwa maoni yangu una masikio mapana zaidi kwa lugha zisizo za Ulaya.

Pengo unaloweza kulijaza si la kufikirika. Evan Kidd na Rowena Garcia walipochunguza majarida manne makuu ya taaluma hii, katika makala yao ya mwaka 2022, walikuta lugha zipatazo 103 tu, karibu asilimia 1.5 ya lugha za dunia, na Kiingereza kikiwa kimechukua sehemu kubwa kuliko zote. Msimamizi wako ana haki ya kukusukuma huko.

Fundi Mofimu

Ninakubaliana na Ngeli ya Tisa kuhusu *nakuja*, lakini kuhusu pa kuanzia ninatofautiana naye.

Mikutano ya isimu kompyuta ina desturi ambayo wenzetu wa isimu ya kawaida huwa hawaijui: makala ya mkutano ndiyo kazi iliyokamilika, si ahadi ya kazi. Huandiki ikisiri ya maneno mia chache, bali makala ya kurasa nane, au nne ikiwa ni fupi, pasipo kuhesabu marejeo. Wahakiki hawajui jina lako wala wewe hujui yao, na lazima uandike sehemu inayoeleza mipaka ya kazi yako. Makala ikikubaliwa huwekwa katika hazina ya ACL kwenye intaneti, ambako mwanafunzi wa Bukoba au wa Bujumbura huisoma bila kulipa hata senti. Kwa mtu anayeanza, na ambaye maktaba ya chuo chake hailipii majarida ya ghali, jambo hilo lina uzito mkubwa.

Mwenzako, hata hivyo, asikupeleke kwenye mkutano mkuu wa ACL kwa sababu ya ukubwa wa jina. Makala za huko ni nyingi kiasi kwamba bango lako litasimama katikati ya mamia ya mabango kuhusu modeli kubwa. Tafuta chumba chenye watu wako. CoNLL, mkutano wa ujifunzaji wa lugha kwa kompyuta ulioanza Madrid mwaka 1997, siku hizi unatangaza wazi kwamba unapendelea kazi zenye msingi wa nadharia na wa utambuzi wa binadamu. Ipo pia warsha ya CMCL, iliyoanza Uppsala mwaka 2010, inayounganisha modeli za utambuzi na isimu kompyuta. Na tangu mwaka 2023 kuna shindano la BabyLM, ambalo washiriki hufunza modeli kwa maneno milioni 10 au milioni 100 tu, kwa hoja kwamba binadamu hujifunza lugha kwa kusikia maneno machache mno kuliko yale inayolishwa mitambo ya kampuni kubwa. Shindano la kwanza liliambatana na CoNLL huko Singapore. Sikushauri uingie katika shindano lenyewe, kwa kuwa manukuu yako hayakaribii kiasi hicho, lakini watu wanaolizunguka ndio watakaoielewa kazi yako kabla hujamaliza sentensi ya pili.

Upo mfano mmoja ambao ningependa uusome kabla ya yote. Mwanaisimu Katherine Demuth alirekodi watoto wa Lesotho wakijifunza Kisotho mwanzoni mwa miaka ya 1980, na rekodi hizo zikawafunza wanaisimu mengi, likiwamo hili kwamba watoto wa Kisotho hutumia kauli ya kutendwa mapema kuliko ilivyodhaniwa kwa kuangalia Kiingereza. Mwaka 2008 Mark Johnson aliyachukua manukuu hayohayo akayapitisha katika modeli za kugundua mipaka ya maneno, akachapisha makala yake katika warsha ya mofolojia na fonolojia iliyoambatana na mkutano wa ACL. Aliona kwamba kwa Kisotho kuipa modeli nafasi ya kutambua muundo wa mofimu kulisaidia, ilhali kuipa muktadha wa maneno jirani, jambo lililokuwa limesaidia sana kwa Kiingereza, kulisaidia kidogo tu. Kisotho ni ndugu wa Kiswahili. Makala yako inaweza kuuliza kama hali ni hiyohiyo kwetu, na tayari una mahali pa kuisimamisha.

Mpwani

Mimi nitasema machache, nayo yanahusu safari.

Kabla ya kuchagua mkutano, hesabu siku za viza. Niliwahi kukubaliwa kutoa wasilisho Ulaya, nikalipa ada ya usajili, na ubalozi ukanipa tarehe ya mahojiano iliyoangukia wiki moja baada ya mkutano kumalizika. Siku hizi mikutano mingi ya ACL huruhusu kushiriki kwa mtandao na ina misaada ya kupunguziwa ada, lakini ni lazima uiombe mapema. Uliza hata kama tangazo limesema kwa ufupi.

Tena usidharau vilivyo karibu. Warsha ya AfricaNLP, ya uchakataji wa lugha za Afrika kwa kompyuta, ilianza mwaka 2020 ikiambatana na ICLR, mkutano mkubwa wa ujifunzaji wa mashine, ambao ulikuwa ufanyike Addis Ababa kabla ya korona kuuhamishia mtandaoni. Mwaka 2023 ICLR ilifanyika Kigali, na watu wa kwetu ambao wasingepata viza ya kwenda kokote walifika kwa basi. Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa Waafrika wa ujifunzaji wa mashine, nayo huzunguka barani, na mwaka 2019 ilikuwa Nairobi. Na ukitaka kuisema kazi yako kwa Kiswahili mbele ya watu watakaosikia wenyewe tofauti ya *nakuja* na *ninakuja*, peleka kwenye makongamano ya vyama vya Kiswahili, CHAUKIDU (cha dunia) au CHAKAMA (cha Afrika Mashariki).

Jihadhari pia na barua pepe zinazokusifu na kukualika kwenye mkutano wa "lugha, elimu, uhandisi na tiba" kwa pamoja. Mwanafunzi mwenzangu alilipa ada ya mkutano wa namna hiyo, na makala yake ilikubaliwa baada ya saa 48 bila neno hata moja la mhakiki. Makala hiyo sasa hawezi kuichapisha kwingine.

Mnukuzi wa Tanga

Ninawashukuru sana. Jana usiku nilirudi kwenye rekodi na kusikiliza upya sehemu nilizochagua bila mpangilio. Mwalimu Ngeli ya Tisa, ulilohofia ndilo lililotokea: katika miezi mitatu ya mwanzo nimeandika *ninakuja* mara nyingi mahali ambapo bibi alisema *nakuja*. Nitazirudia zote, ingawa zitanichukua wiki kadhaa.

Nimebaki na swali moja. Wahakiki wa kompyuta wataniomba niweke manukuu wazi. Wazazi walisaini fomu ya ridhaa ya utafiti, na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, ninacho, lakini sikumbuki kama tuliwaambia kwamba sauti za watoto zinaweza kusikika duniani kote.

Ngeli ya Tisa

Basi usiweke sauti. Rudi kwa wazazi, ukae nao kitako, uwaeleze kwa Kiswahili cha nyumbani tofauti ya vitu vitatu: maandishi yasiyo na majina, maandishi pamoja na sauti, na sauti inayofunguliwa na watafiti wenye nywila tu. CHILDES, iliyoanzishwa na Brian MacWhinney na Catherine Snow mwaka 1984, inaruhusu viwango tofauti vya namna hiyo. Mzazi akichagua maandishi peke yake, hayo yanatosha kwa modeli yenu, kwa maana modeli haikusikia sauti hata kidogo. Ondoa pia majina ya mitaa na ya shule ya chekechea, kwa sababu mji ni mdogo na watu hutambuana kwa hayo.

Kwa namna ya kuzungumza na wazazi, soma jinsi Katie Alcock na wenzake walivyofanya Kilifi walipotengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama. Fomu za aina hiyo kwa kawaida mzazi huzijaza mwenyewe. Wao walimhoji kwa mdomo, kwa kuwa wazazi wengi hawakuzoea kusoma na kuandika, na data yao ikawa ya kuaminika.

Kuhusu pa kuanzia, nimeisoma hoja ya Fundi Mofimu mara mbili na ninaikubali nusu. Kwa kuwa itabidi urudie unukuzi, modeli haitakuwa tayari karibuni. Ulinganisho wa watoto wako na wale wa Nairobi hauhitaji modeli. Andika ikisiri hiyo kwa BUCLD, ambako tarehe ya mwisho huwa katikati ya Mei, na uieleze *ni-* peke yake.

Fundi Mofimu

Hilo ninalikubali. Manukuu yakikamilika, mfunze modeli mara mbili, mara moja kwa unukuzi wa zamani wenye *ninakuja* na mara moja kwa ule uliosahihishwa, kisha muonyeshe matokeo yanavyoachana. Makala fupi ya kurasa nne kuhusu jambo hilo ningeipokea kwa furaha kama ingekuwa imeletwa kwangu kuihakiki, kwa sababu sehemu kubwa ya Kiswahili kinacholishwa mitambo leo kimetoka magazetini na vitabuni, na *nakuja* ya bibi yako haimo.