Bustani za vipepeo ndani ya madumu ya kuokota: tupeane uzoefu

Mwenye uzi, Malindi
Assalaam aleykum wanajamvi. Nina mndimu mmoja uani. Miaka yote nikiona viwavi nilikuwa nawapiga dawa, mpaka shangazi yangu wa Gede alipokuja akanishika mkono: "Mwanangu, hao ndio vipepeo wenyewe." Akanionyesha. Wakiwa wadogo wafanana na kinyesi cha ndege, wakikua huwa kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Dawa nimeiacha. Majani yaliwa kidogo, ndimu bado nachuma. Sasa nina miche 14, yote kwenye chupa na madumu ya kuokota. Wenzangu mwafanyaje?

Mkulima wa Gede
Shangazi yako amesema kweli. Huku kwetu mradi wa Kipepeo ulianza 1993. Sisi tunaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke twafuga viwavi, tukishapata pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ganda kabla ya kutoka kipepeo, twauza, wasafirishwa mpaka Uingereza na Marekani. Kabla ya hapo msitu kwetu ulikuwa kuni na mbao tu. Jambo nililojifunza ni kwamba kipepeo hatagi popote, kila aina ina mti wake. Maua humnywesha mkubwa, lakini mtoto ataka jani lake, akilikosa afa. Mndimu ni mgeni, umekuja na wageni. Mti wa asili wa kipepeo huyo huyo ni mjafari, ule wenye miiba ambao wazee huchemsha kwa dawa. Na mtomoko mwitu una vipepeo wake wengine. Pandeni hiyo. Watu hukimbilia maua ya rangi, halafu hushangaa mbona vipepeo wapita tu hawakai.

Mwana wa Lamu
Sisi kikundi chetu twaokota ufukweni kila Ijumaa asubuhi. Upepo wa kusi ukivuma, bahari yarudisha kila kitu: ndara, vifuniko, madumu ya mafuta. Mnaikumbuka Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki na ndara, likashushwa majini 2018? Tangu siku ile sikuweza tena kuita ndara takataka.

Kitalu chetu cha kwanza kilikufa chote. Miche 40. Hatukutoboa matundu chini, mvua ikajaa, mizizi ikaoza. Niliumia sana kwa sababu watoto wa madrasa ndio walioipanda kwa mikono yao. Mara ya pili tulitoboa kwa msumari wa moto, tukaweka vifuu chini, juu mchanga uliochanganywa na samadi ya punda, ambayo hapa haikosekani. Chupa nyeupe tulizipaka chokaa, maana jua lachemsha mizizi. Na msimwagilie maji ya kisima chenye chumvi, tafadhalini.

Bi wa Shela
Punda wamenilia miche miwili. Nimezungushia wavu wa zamani wa mvuvi jirani, sasa imetulia.

Mwalimu, Watamu
Darasani kwangu tulitundika tawi lenye pupa mmoja karibu na dirisha. Baada ya kama wiki mbili akatoka, mabawa yamekunjamana. Watoto 50 walinyamaza kimya mpaka aliporuka. Sijawahi kuona kimya kama kile.

Mwenye uzi, Malindi
Mkulima wa Gede, mjafari nitaupata wapi?

Mkulima wa Gede
Nina miche mitatu. Njoo Jumamosi na madumu yako matupu, tubadilishane.