Watoa mada wa semina za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma), tumechoka kusomewa slaidi

Wakuu, hili naliweka hapa bila kulipaka rangi. Mtu analipa ada ya semina, anaacha kazi siku mbili, saa mbili asubuhi yuko ukumbini. Anapanda jukwaani msomi mwenye vyeti vya kujaza ukuta, anatugeuzia mgongo na kuanza kutusomea. "Kama mnavyoona hapo..." Hatuoni! Herufi ni za ukubwa wa 12, na jedwali la Excel la mistari arobaini limebandikwa zima zima. Ukumbi mzima uko WhatsApp, yeye anaendelea tu.

Na msituletee kisingizio kwamba mada za kitaalamu ni kavu. Tuchukue sisi wahasibu na IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya upangaji, kilichoanza kutumika Januari 2019. Mtoa mada anaanza na madhumuni ya kiwango, upeo wake, tafsiri za istilahi, aya kwa aya. Dakika arobaini zinakatika na hajataja hata shilingi moja.

Hebu anza hivi: kampuni imepanga ofisi kwa miaka 3, kodi milioni 12 kwa mwaka, inalipwa mwisho wa mwaka (najua wenye nyumba wetu hawakubali hilo hata kwa dawa, ila hesabu inakuwa nyepesi), riba 10%. Uliza: gharama ya mwaka wa kwanza itakuwa milioni 12 kamili, chini yake, au juu yake? Watu wanyooshe mikono. Kisha nyamaza. Sekunde kumi nzima. Wengi wenu hamwezi kuvumilia hata tatu, mnajijibu wenyewe, na mkishajijibu mara mbili hakuna atakayehangaika kufikiri mara ya tatu.

Baada ya hapo shika kalamu, andika ubaoni mbele ya watu. Thamani ya sasa ya deni, yaani kodi zote tatu zikipunguzwa kwa riba ya 10%, ni kama milioni 29.84. Gawa kwa miaka 3, uchakavu wa haki ya kutumia ofisi ni 9.95 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni 2.98. Jumla 12.93, imezidi kodi yenyewe! Mwaka wa tatu inashuka hadi 11.04, na ukijumlisha miaka yote mitatu unarudi kwenye 36 ile ile. Hapo ndipo mtu aliyenyoosha mkono akakosea anataka kujua kwa nini, na hapo ndipo ufungue aya za kiwango. Kwa dakika kumi na mbili umefundisha kuliko slaidi sitini. Mhandisi afanye hivyo kwa nguzo iliyopasuka, mgavi kwa zabuni iliyokatiwa rufaa. Swali kwanza, kanuni baadaye.

Badala ya hilo tunapewa nini? "Simameni wote, tupige makofi ya kilo!" Watu wazima na suti zao wanaruka ruka kama chekechea, wakikaa tu usomaji unaendelea pale pale ulipoishia. Usingizi wa saa nane mchana hautibiwi kwa makofi. Mmekula wali, mapazia yamefungwa, taa zote zimezimwa ili projekta ionekane. Zimeni taa za karibu na skrini tu. Kisha mpe kila mtu na jirani yake swali moja, dakika nne, wakubaliane jibu. Wawili wawili, sio makundi ya watu kumi, kwa sababu kwenye kundi la kumi wanaongea wawili, wanane wanamenya pipi.

Slaidi: usishuke chini ya fonti 24, na 28 ni bora. Wazo moja kwa slaidi. Maelezo marefu na majedwali yaweke kwenye nakala ya kugawa, maana slaidi na kitini ni vitu viwili tofauti, na anayetaka kimoja kifanye kazi ya vyote anaharibu vyote. Unataka watu wakuangalie wewe? Kwenye PowerPoint bonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Ukiulizwa kuhusu slaidi ya 14, andika 14 ubonyeze Enter. Hakuna sababu ya kutupitisha slaidi thelathini kinyumenyume mpaka tuumwe kichwa.

Muda sasa, hapa ndipo ninapochemka kabisa. Ratiba inakupa dakika 45, unajua fika kwamba mgeni rasmi atachelewa, halafu unakuja na maneno ya saa nzima. Mwisho wake ni "hii tuipite, hii nayo mtasoma wenyewe", na kinachopitwa ni hitimisho, yaani kile hasa watu walichofuata. Andaa dakika 30. Weka alama mapema kwenye mifano miwili ya katikati itakayokatwa muda ukibana, mwisho usiguswe. Jipime ukiwa umesimama, kwa sauti, simu ikihesabu dakika. Kusoma kimoyomoyo kunakudanganya, kichwa kinakimbia kuliko mdomo. Na itifaki MC kashaizingatia, usituanzie upya na orodha ya waheshimiwa.

Maiki: iweke karibu na kidevu na igeuke pamoja na kichwa chako. Ukiishusha hadi kifuani, nyuma hawasikii. Ukikumbatia kile kichwa cha wavu au ukisimama mbele ya spika, inapiga mluzi, halafu unamkodolea macho fundi mitambo kana kwamba kosa ni lake.

Fika kabla ya chai, jaribu waya. Beba kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, maana kumbi nyingi zina projekta za zamani. Kwenye flashi weka faili lenyewe na nakala ya PDF. Skrini ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P.

Maswali yaje kabla ya hitimisho lako, sio baada yake. Ukimaliza kwa maswali, neno la mwisho analichukua yule wa "mimi sina swali, nina mchango", dakika saba. Usimwachie maiki mkononi, aishike mhudumu. Akivuta pumzi, fupisha alichosema kwa sentensi moja, mgeukie mwingine.

Na nyie waandaaji, fomu zenu za tathmini zinauliza chakula kilikuwaje na ukumbi ulikuwaje. Ongezeni swali moja: "Jumatatu utafanya nini tofauti kazini?" Majibu mpelekeeni mtoa mada kabla hamjamwalika tena. Wakileta karatasi tupu kumi mfululizo, mtafuteni mwingine.