Kemo ya tezi dume, raundi ya tatu: uchovu unanishinda, wenzangu mnafanyaje?

Soksi Moja:
Wakuu, habari za humu. Nina miaka 66. Saratani ya tezi dume, na siku inagunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Sindano za homoni zilinishikilia miaka miwili, kisha PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikaanza kupanda tena, ndipo nikaanzishiwa dawa ya kemo, dosetakseli, dripu moja kila baada ya siku 21. Nimemaliza ya tatu. Daktari anasema mwili ukikubali tunaweza kufika 10.

Kichefuchefu nimekimudu. Nywele zimekwenda, wala sizililii. Kinachonimaliza ni uchovu. Si ule wa kutoka kazini, ukilala unaamka mzima. Huu nasinzia mchana kutwa na naamka vilevile, halafu usiku macho makavu. Juzi asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, naitazama tu. Mke wangu alipoingia akadhani naomba dua.

Linalonichanganya zaidi: siku ya dripu na kesho yake nakuwa na nguvu hadi najishangaa. Siku ya nne naanguka kama gunia. Watoto wananiuliza, "Baba, juzi ulikuwa mzima, leo vipi?" Kliniki nilipolitaja nikajibiwa "ni kawaida". Sawa, ni kawaida. Lakini mtu anaishije nayo?

Raundi Kumi:
Pole sana mkuu. Mimi nilizimaliza zote 10, kwa hiyo hiyo soksi naijua.

Zile nguvu za siku mbili za mwanzo si zako, ni za mkopo. Zinatoka kwenye deksamethasoni, dawa ya steroidi wanayokupa kuzunguka siku ya dripu ili mwili usiikatae dawa. Ikishaisha mwilini, unalipa. Raundi zangu tatu za kwanza nilikuwa nikizila zote: napanga stoo, nabeba vitu, najiona kijana. Siku ya nne hata kijiko kizito.

Kilichonisaidia ni daftari. Kila jioni niliandika mambo mawili tu: leo ni siku ya ngapi tangu dripu, na uchovu ni ngapi kati ya 0 na 10. Baada ya raundi mbili ramani ikajitokeza. Kwangu siku ya 4 hadi ya 8 lilikuwa bonde, ya 9 naanza kupanda, wiki ya tatu karibu mtu kamili. Yako inaweza kuwa tofauti, ila ukishaijua unapanga: wageni, safari, makaratasi ya kusaini, yote wiki ya tatu. Bondeni usiahidi mtu kitu.

Na bafuni weka stuli. Wala si kuoga kunakochosha, ni kujifuta. Nikapata joho la taulo: navaa nikiwa nimelowa, nakaa, linanikausha lenyewe. Utacheka, lakini lilinirudishia nusu ya asubuhi yangu.

Mtu wa Pwani ya Pili:
Mzee pumzika tu. Usitoke kitandani mpaka raundi ziishe, mwili unajenga.

Muuguzi Mstaafu:
Hapana ndugu yangu, hilo ndilo linaloongeza uchovu. Sindano za homoni zimeshapunguza testosteroni, homoni ya kiume, na misuli inaondoka nayo. Ukilala kutwa, misuli inakwisha haraka zaidi. Katika yote yaliyofanyiwa utafiti kwa uchovu wa saratani, mazoezi mepesi ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko mengi. Dakika tano za kutembea, mara mbili kwa siku, ukirudi bado una pumzi ya kuongea. Kwa kuwa mifupa yako imeguswa, muulize daktari kwanza ipi usiielemee. Usinyanyue vizito.

Sasa baba, nina maswali. Damu yako (himoglobini) ilikuwa ngapi kipimo cha mwisho? Na prednisoloni, vile vidonge vya steroidi vinavyoendana na dosetakseli, unameza saa ngapi?

Soksi Moja:
Dada, damu sikuambiwa, walisema "iko chini kidogo". Prednisoloni kimoja asubuhi, kingine nikipanda kitandani.

Muuguzi Mstaafu:
Hicho cha usiku huenda ndicho kinachokuibia usingizi. Usikiache, steroidi haikatwi ghafla. Waulize kama unaweza kukivuta kije mchana, baada ya chakula. Na damu usikubali "kidogo", omba namba. Upungufu wa damu una tiba yake. Mwambie daktari pia kama moyo umekuwa mzito, hufurahii kitu. Huzuni huvaa nguo za uchovu.

Kuna mawili hayasubiri kliniki. Joto likifika 38 au ukatetemeka kwa baridi, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka sana kiasi cha wiki moja baada ya dripu. La pili: miguu ikilegea au kufa ganzi, mgongo ukiuma kuliko kawaida, au mkojo ukagoma, usiseme "ni uchovu". Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na hapo saa zinahesabika.

Binti Mkubwa:
Shikamoo mzee. Mimi nilimuuguza baba. Waonyeshe watoto hilo daftari. Sisi tulidhani anadeka mpaka tulipoona namba zake.

Soksi Moja:
Marahaba mwanangu. Narudi na majibu, wakuu.

Nimeomba namba: 7.8. Wameniongeza damu kabla ya raundi ya nne, na kweli ngazi sizihesabu tena. Kidonge cha pili daktari amekihamishia saa nane mchana; usiku wa tatu nililala hadi alfajiri. Uchovu haujaisha, leo ni siku ya 6 na nimeandika 7. Ila nilitembea hadi getini na kurudi, mara mbili. Daftari liko mezani sebuleni, watoto wanachungulia kabla ya kuniuliza kitu.

Soksi tumekubaliana na mama watoto: siku ya 4 hadi ya 8 ananivisha yeye. Nyingine navaa mwenyewe.

Swali dogo: kucha zimeanza kuwa nyeusi. Na hilo lipo?

Raundi Kumi:
Lipo mkuu. Ila hilo lifungulie uzi wake, nakuja na picha.