Jibu: Mwaka wa pili tunatafuta mtoto, tuanzie wapi huku ugenini?

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, mwaka wa pili sasa. Nina miaka 36, hedhi yangu haijawahi kuruka. Kila simu ya ndugu inaishia kwenye swali lilelile. Lugha ya hospitali za huku inatupiga chenga, na nikiingia mtandaoni nakutana na IVF (yai kurutubishwa maabara), mayai ya kuchangiwa, mama wa kubebea wengine mimba, kuasili, mpaka kichwa kinaniuma. Tuanzie wapi? Na ni kweli nikishavuka 35 nimechelewa?

Mwenye swali

----------

Mdogo wangu, hujachelewa, ila usikae tena. Aliye chini ya miaka 35 hushauriwa kwenda kupimwa baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyefikisha 35, baada ya miezi sita. Kwa hiyo piga simu wiki hii. Wala usijione wa ajabu: Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbana na ugumba wakati fulani wa maisha yake.

Pimweni wote wawili, kwa wakati mmoja. Nasema hivyo kwa uchungu, maana mimi nilipimwa peke yangu miezi saba. Homoni, ultrasound, halafu ile eksirei ya mirija ambayo wanakupitishia dawa mpaka tumbo linakata kama uko leba. Yote safi. Mwezi wa nane daktari mwingine akauliza, "Na baba je?" Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kumpa mume wangu hata kikopo cha kuwekea mbegu. Majibu yake yalipotoka: mbegu chache, na nyingi haziogelei. Kliniki ile ilikosea, na sisi pia tulikosea, kwa sababu moyoni tulishaamua kuwa hili ni jambo la mwanamke. Upande wa mwanamume unahusika katika karibu nusu ya kesi, na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote.

Watakupima pia AMH, homoni fulani ya kwenye damu. Usitishike na namba yake. Inaonyesha akiba ya mayai iliyobaki, haisemi mayai hayo ni mazuri kiasi gani, wala haitabiri kama utashika mimba kwa njia ya kawaida. Na ombeni wote mpimwe seli mundu. Mkiwa nyote mnabeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, na mkifika kwenye IVF viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) vinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa. Jambo hilo mlijue mapema.

Si kila mtu anaishia IVF. Mayai yasiyopevuka mara nyingi hutibiwa kwa vidonge. Tezi ya shingo ikivurugika ina dawa yake. Uvimbe wa kizazi unategemea umekaa wapi; uliotokeza ndani ya mji wa mimba ndio wenye fujo. Mirija ikiziba pande zote mbili, hapo IVF ina maana, na hiyo ndiyo shida iliyoileta duniani: mama yake Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, mirija yake ilikuwa imeziba. (Shangazi yangu aliniuliza kama watoto wa namna hiyo nao huzaa. Nikamwambia Louise ana watoto wake, na aliwapata bila maabara. Akabadilisha mazungumzo.)

Sisi ilibidi tufanye ICSI, yaani mbegu moja inachomwa ndani ya yai moja kwa moja. Sindano za tumboni siku kumi na moja, nikizificha kwenye friji nyuma ya maziwa. Ile ya mwisho ya kukomaza mayai ina saa yake kamili, kwa sababu mayai huvunwa saa 36 hivi baadaye. Yangu ilipangwa saa nne na nusu usiku, na usiku huo tulikuwa ugenini kwa watu. Nikajichoma chooni, mume wangu kanishikia tochi ya simu, mtoto wa mwenye nyumba anagonga mlango anataka kukojoa.

Halafu hesabu ikaanza kushuka. Walivuna mayai 12. Yaliyokomaa 9. Yaliyorutubishwa 6. Viinitete vilivyofika siku ya tano: viwili. Nililia kama nimefiwa, kumbe kupukutika huko ni kawaida, ila hakuna aliyeniandaa. Cha kwanza hakikushika. Cha pili, kilichokuwa kimegandishwa, sasa hivi kinachora ukutani kwa kalamu yangu ya wanja.

Usishawishike kuomba wapandikize viwili ili upate mapacha kwa mkupuo. Mapacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, na hatari kwa mama inapanda. Na baada ya mayai kuvunwa, ukiona tumbo linajaa haraka, pumzi inakata au mkojo umepungua, usingoje kupambazuke. Nenda.

Mama wa mmoja

----------

Shemeji hapo juu kasema vizuri, naongezea ya kikopo kwa ajili ya kaka zangu.

Kabla ya kipimo kaa siku mbili hadi saba bila kumwaga. Ukichukulia sampuli nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, na uibebe ndani ya koti karibu na mwili, si kwenye begi. Mimi nilipanda treni, ikasimama kituo kimoja dakika arobaini, nikabaki nimekumbatia koti kama mwizi. Ilibidi nirudie.

Jibu baya la kwanza si hukumu. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, hivyo homa kali ya mwezi jana inaweza kuharibu kipimo cha leo. Kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi.

Na nyie wa gym: testosteroni ya sindano haiongezi mbegu, inazima kiwanda. Mwambie daktari ukweli, hata kama mkeo yupo pembeni, na muulize namna ya kuiacha.

Yule wa treni

----------

Kazi yangu ni ukalimani hospitalini, kwa hiyo mimi nina neno la makaratasi.

Dada, omba mkalimani siku unapopanga miadi, si siku ya miadi. Usimfanye mume awe mkalimani wako hata kama lugha anaijua. Niliwahi kumsikia daktari akieleza dakika tatu nzima habari za viinitete vya kugandisha, mume akamgeukia mkewe: "Anasema tuendelee tu." Fomu iliyokuwa mezani ilikuwa inauliza viinitete vifanywe nini wakiachana, na vifanywe nini mmoja wao akifariki. Mama wa watu ameshashika kalamu! Nikaomba ruhusa nisome upya, neno kwa neno. Walitoka bila kusaini, wakarudi wiki iliyofuata na majibu tofauti kabisa.

Mkifikia kuchangiwa, mpaka wa nchi unabadilisha kila kitu. Ujerumani, sheria ya mwaka 1990 ya kulinda viinitete hairuhusu mayai ya kuchangiwa, ingawa mbegu za kiume zinaruhusiwa. Uingereza vyote vinaruhusiwa, lakini mtu aliyejiandikisha kuchangia tangu Aprili 2005 si siri ya milele: mtoto akifika miaka 18 anaweza kupewa jina lake. Wanaopanga kutomwambia mtoto wajue hilo. Maoni yangu, mwambieni angali mdogo.

Mama wa kubeba mimba ndipo nilipoona watu wakiumia zaidi. Uingereza, aliyejifungua ndiye mama kisheria hata kama yai si lake, mpaka mahakama itoe amri, na maombi yanatakiwa yaingie ndani ya miezi sita tangu mtoto azaliwe. Italia tangu mwaka 2024 inamhesabu raia wake kuwa mkosaji hata akitumia mama wa kubeba mimba nje ya nchi. Muoneni kwanza mwanasheria wa nchi mnayoishi, ndipo mzungumze na wakala. Wakala anajua sheria ya kwake. Pasipoti ya mtoto inategemea ya kwenu.

Kuasili nako vivyo hivyo. Amri ya mahakama ya nchi moja si lazima itambuliwe na uhamiaji wa nchi nyingine. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi, husaidia, lakini nchi zote mbili ziwe zimejiunga. Na mtoto wa dada yako uliyepewa umlee kwa maneno ya kikao cha familia, mbele ya dirisha la viza bado ni mtoto wa dada yako. Ulizeni kabla hamjamwambia mtoto afungashe.

Mkalimani

----------

Asanteni sana, nimesoma nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo. Tumepata miadi Alhamisi ijayo, wote wawili, na mkalimani nimeshamwomba. Mume wangu kasoma kila kitu kimya, swali lake ni moja tu: kikopo anatoka nacho nyumbani au anapewa?

Mwenye swali

----------

Anapewa. Asitumie kichupa cha nyumbani, na asitumie mafuta wala mate, vinaweza kudhuru mbegu. Treni aikwepe.

Yule wa treni