Mrejesho: macho kuuma mbele ya skrini ya hezi 144

Wakuu, niliuliza kwa nini macho yananiuma na kichwa kinagonga kila jioni, ilhali skrini ya kompyuta niliipandisha kutoka hezi 60 hadi 144, yaani picha huchorwa upya mara 144 kwa sekunde. Aliyesema nichunguze taa ya nyuma ya skrini (ile ya ndani inayoiangaza), Mungu akubariki, ulipatia kabisa. Nilishusha mwanga hadi asilimia 20, nikaielekezea kamera ya simu: mistari myeusi ikawa inapanda juu. Nikaweka 100, yote ikapotea. Kumbe skrini hii hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa haraka mno, na hezi za picha hazihusiki hapo. Sasa mwanga wa taa hiyo nauacha juu, ukali naupunguza kwenye mipangilio ya rangi, na chumbani nawasha taa. Kichwa kimetulia. Macho bado hukauka nikisahau kupepesa.